Kiboko Aende Dodoma

Mwanangu Hamisi,

Salamu zote nitakupa kesho asubuhi kwa mdomo, mbele ya lori, na dua nitakusomea hapo hapo. Karatasi hii ni ya ugomvi. Nimeamua kugomba kwa kuandika kwa sababu kwa mdomo huwa unanishinda. Unacheka, unaniita "bibie", unanishika bega, na mimi nasahau nilichotaka kusema. Safari hii utanisikiliza mpaka mwisho.

Umekwenda Ngaramtoni kuwaaga wakwe za dada yako, na nawajua wale watu, hawatakuachia mpaka ule. Kwa hiyo nina mchana mzima. Nimefunga mlango wa mbele, nimekaa karibu na meza ya pasi, na wateja wanaogonga nawaacha wagonge. Herufi zangu usizicheke. Marehemu baba yako ndiye aliyenifundisha kuandika, na alinifundisha kwa sindano na uzi mwekundu kwenye kola za mashati ya watu, ili shati la karani wa boma lisiende kwa mpishi wa hoteli. Mpaka leo nikishika kalamu, mkono unataka kuchoma kitambaa.

Sitakuambia ule vizuri, wala uswali, wala ujihadhari na wasichana wa stesheni. Mke wa mjomba wako Iddi atakuambia hayo mpaka masikio yakuume, namfahamu tangu tukiwa Kondoa. Mimi nina jambo moja tu, nalo ni mashine zetu za kufulia.

Alipokuja mjomba wako kupanga safari yako ya Dodoma, alikaa hapa hapa, akanywa chai yake, akasema, "Dada, mashine unazo mbili. Kazi ilikuwa ya nyumba moja, sasa inakuwa ya nyumba mbili. Hamisi achukue moja aanzie maisha Dodoma, moja ibaki nawe. Haya, Hamisi, sema mwenyewe. Unamtaka Kiboko au Bibi Harusi?"

Na wewe, bila hata kumeza mate, ukajibu, "Bibi Harusi. Kiboko ni mashine ya wazee, mjomba. Dodoma watu wanataka kitu cha kisasa, chenye kioo."

Watu wakacheka. Mimi nilikasirika mpaka chai ikanimwagikia kangani. Nikajiambia, huyu ndiye mtoto niliyemlea kati ya sabuni na mvuke tangu hajaota meno, na hajui mashine? Ndiyo maana sikusema nawe siku zile. Ulidhani ninaumwa kichwa. Sikuwa naumwa kichwa, nilikuwa na hasira nawe.

Halafu jana, baada ya adhuhuri, niliingia chumba cha nyuma kutafuta rangi ya bluu. Nikaona kigoda kipya mbele ya mdomo wa Kiboko. Mbao imepigwa randa, misumari imezamishwa vizuri isije ikachana kanga, na kimo chake ni kimo changu kabisa, si chako. Nikatazama mkono wa kufungia mlango, nao umeurefusha kwa kipande cha bomba, ili mtu asiye na nguvu aweze kuuzungusha. Vikombe vya grisi vimejaa. Mkanda ni mpya.

Nikasimama pale. Nikasema, ala! Kumbe.

Mtu anayemdharau Kiboko asingemtengenezea mama yake kigoda cha kumpandia. Ulikuwa unanilaghai, Hamisi. Unajua fika kwamba Kiboko ndiye anayetulisha, ndiye anayebeba mashuka ya hoteli na mablanketi ya hospitali, ukaona ukimchukua nitakwama. Ukajifanya mshamba wa kupenda kioo, mbele ya mjomba wako, ili nisigundue. Nilikaa sakafuni nikalia, kwa kweli nililia, na kikohozi changu kikachanganyika humo humo. Nilipomaliza kulia nikakasirika upya, na hasira hii ya pili ndiyo inayoandika.

Sasa tuzizungumze mashine zenyewe, kama dobi na dobi, bila kuoneana haya.

Zote mbili zinafunguliwa mbele. Hapo hatuna ubishi. Zile za kufungulia juu, kama ile ya jirani yetu yenye mti katikati unaokwenda huku na huku, zinakunywa maji kama ng'ombe na zinasokota nguo mpaka mikono ya mashati inafungana mafundo. Pipa likilala ubavu, maji kidogo chini yanatosha, na maji kidogo ni kuni kidogo. Lakini baada ya hapo, Kiboko na Bibi Harusi hawafanani hata kwa jina.

Kiboko hukumbuki alivyofika. Ulikuwa mgongoni kwangu. Baada ya vita wanajeshi waliondoka, kambi yao ikapigwa mnada, na baba yako akaenda kununua makarai. Akarudi na kile kitu juu ya gari la ng'ombe, kirefu kuliko yeye, cheusi, kina mdomo mbele wa kumeza mtoto mzima. Nilimtukana, Mungu anisamehe. Nilimwambia amenunua tangi la treni. Nilimwambia sitalala nyumba moja na chuma chakavu cha Waingereza. Yeye akachanganya saruji tu, akachimba sakafu, akapanda bolti nne nene, akamfunga Kiboko pale alipo mpaka leo. Nilichukua muda mrefu kumgusa. Niliendelea kufua kwa mkono kule mtoni, juu ya jiwe langu, huku mashine iko ndani, kwa ukaidi tu. Hebu fikiria ujinga huo. Mgongo unaonisumbua sasa niliupata miezi ile, na hakuna aliyenilazimisha.

Kilichonibadilisha ni neno la baba yako. Wewe ulilisikia mara nyingi, lakini nadhani hukuwahi kujua lilianzia wapi. Mteja akiingia akasema, "Nimeleta nguo, naomba mnioshee," baba yako alikuwa anazirudisha palepale juu ya meza. "Kuosha ni vyombo na maiti, bwana. Hapa nguo tunafua." Watu walimwona mtu wa maneno mengi. Siku moja nilimuuliza kwa hasira, kuna tofauti gani? Akanishika mkono, akanipeleka kwa Kiboko, akafungua mlango. Akaniambia niingize kichwa.

Ndani nikaona pipa la shaba lenye matundu, na mbavu tatu zimejitokeza. Akalizungusha polepole kwa mkono, na blanketi moja limo ndani. Ubavu ukalichukua blanketi, ukalipandisha, ukalipandisha, lilipofika juu kabisa likateleza, likaanguka. Pu! Akasema, "Mhunzi anafua chuma kwa kukipiga. Wewe unafua nguo kwa kuipiga kwenye jiwe. Na huyu anaipiga kwa kuiangusha. Jiwe lako ndilo hilo, mama, wamelifungia ndani."

Nilitoa kichwa nikiwa nacheka. Tangu hapo nikitazama mashine yoyote ya kufulia, sitazami rangi wala vitufe. Natazama nguo inaanguka kutoka wapi. Ndani ya Kiboko inaanguka kimo cha mkono wangu wote, kutoka vidole hadi kwapani. Ndani ya Bibi Harusi inaanguka kutoka vidole hadi kiwiko, basi. Shuka la Mwarusha lililopakwa mafuta na ule udongo mwekundu wa ngeu, ovaroli la mtu wa karakana, blanketi la wodini, hivyo haviwezi kusafishika kwa kudondoka kidogo namna ile.

Na hata hivyo nilimnunua. Hapo ndipo ninapotaka ufungue masikio, maana kununua kule ni kosa langu mimi, baba yako alikuwa ameshalala kaburini.

Yule memsahibu wa shamba la kahawa, Usa River, alikuwa anarudi kwao. Nilikwenda kurudisha mapazia yake, nikaikuta mashine imesimama verandani, nyeupe, mviringo wa kioo mbele, inang'aa. Akaiwasha nione. Nguo zikazunguka nyuma ya kioo na povu lake, na mimi, mwanamke mzima, mjane, nilisimama pale mdomo wazi. Sikuuliza pipa lake limeshikiliwa na nini. Sikuuliza vipuri vinatoka wapi. Niliona tu wateja watakavyojaa barazani kutazama, na kweli walijaa, ndio waliompa hilo jina la Bibi Harusi. Watoto wa mtaa mzima walikuwa wanakaa chini wakitazama soksi za watu zinavyozunguka.

Siku ya kwanza wewe ndiye uliyesoma kitabu chake, ulikuwa darasa la sita, na sauti yako ya shule. Kitabu kikasema weka sabuni kikombe kizima. Tukaweka kikombe kizima. Hatukujua kwamba kitabu kile kiliandikwa kwa maji ya kwao, na maji yetu haya yanayoteremka Meru ni laini, sabuni kidogo tu yanashika povu. Povu lilitoka chini ya mlango, likapita chumba cha pasi, likavuka kizingiti mpaka barabarani, na mbuzi wa Mama Saumu akalilamba akaharisha. Wewe ulicheka mpaka ukakaa chini. Mimi nilikuwa natafuta pa kuizimia sipaoni.

Wiki hiyo hiyo mashine ikatembea. Nilikuwa nimeiweka kwenye sakafu ya mbao, nikidhani kitu kizuri namna ile hakihitaji kufungwa na bolti kama mfungwa. Ilipoanza kuzunguka kwa kasi kukamua maji ikatetemeka, ikaanza kusogea, ikafika mlangoni na kung'oa mpira wa maji. Fundi Jagat, yule Kalasinga wa gereji, alikuwa anapita. Akaweka mikono kiunoni. "Mama Hamisi, harusi yenyewe bado, huyu anatoroka tayari?" Mtaa mzima ukarudia maneno hayo mwezi mzima.

Hayo ni ya kuchekesha. Lililoniuma ni la kanzu.

Unajua kwamba Kiboko hana kioo. Ukishafunga mlango wake wa chuma, huoni kitu, unasikiliza tu. Kwa hiyo miaka yote tulimjaza nusu na kidogo, kama baba yako alivyoagiza, na hatukuwahi kutamani zaidi. Lakini Bibi Harusi nilikuwa namwona. Nikitazama kioo naona juu pako wazi, patupu, na mimi nikaona hasara. Mbona nafasi ipo? Nikaongeza mashati. Nikaongeza tena. Nikashindilia mpaka kioo kikajaa nguo tupu, nikaridhika kwamba sasa mashine inafanya kazi yake sawasawa. Ile nafasi iliyo wazi ndiyo iliyohitajiwa na nguo ili ianguke. Mimi dobi, mke wa dobi, niliyeingizwa kichwa ndani ya pipa nikafundishwa, kioo kilinisahaulisha.

Mwalimu wa chuo cha Kurani alikuja kuchukua kanzu zake za Ijumaa. Akaifungua moja, akaitazama kwenye kola, akaikunja tena taratibu. Alikuwa rafiki wa baba yako sana. Hakugomba. Akasema tu, "Mama Hamisi, hii umeiosha."

Usiku huo sikula. Afadhali angenitukana. Nilizirudia zile kanzu zote kwa mkono, juu ya jiwe, alfajiri, na nikampelekea nyumbani kwake mwenyewe. Alizipokea kwa heshima, lakini mpaka leo kanzu zake haziletwi tena hapa, na nikipishana naye njiani namwamkia haraka haraka nipite.

Kwa hiyo unaposimama mbele ya mjomba wako kusema Dodoma watu wanataka kioo, mimi nakujua unalaghai, lakini nakujibu kana kwamba unasema kweli, kwa sababu huko mbele utakutana na mtu atakayesema hivyo kwa dhati, na huenda mtu huyo akawa wewe. Mimi sikuwa mjinga siku ile ya Usa River. Nilikuwa na akili zangu timamu, na bado.

Tuje kwenye kudumu. Kazi ngumu ya mashine hizi za mbele iko nyuma, pale pasipoonekana. Pipa lote na maji yake na nguo zake limening'inia kwenye chuma kimoja kinachotoka mgongoni. Chuma cha Kiboko ni kinene kama mkono wangu, kimekaa juu ya beringi mbili, na kila moja ina kikombe chake cha grisi. Cha Bibi Harusi ni chembamba, beringi zake ni ndogo na zimefungiwa humo humo, huwezi hata kuzitia mafuta. Na vumbi letu hili jeusi la mlimani lina mchanga, linaingia na nguo hata ukizikung'uta vipi. Umesahau aliposaga beringi? Tulisubiri kipuri kutoka Nairobi, Nairobi wakasema wanasubiri Uingereza, na masika yakaingia na kutoka. Bibi Harusi alikaa pale kimya tukamtandikia kitambaa, tukaweka taa juu yake. Kiboko alipovunjika, Fundi Jagat alikuja na kipande cha ekseli ya lori bovu, akakichonga gerejini kwake, na kabla ya Ijumaa tulikuwa tunafua.

Huko uendako, Fundi Jagat hayupo. Lakini kila palipo na lori bovu pana mtu wa kuchonga ekseli, na Dodoma malori mabovu hayakosekani.

Kisha maji. Mjomba wako mwenyewe anasema maji ya kwao yana chumvi, birika likikaa mwezi mmoja linaota ukoko mweupe ndani. Bibi Harusi anachemsha maji tumboni kwake kwa umeme, kwenye ule waya wake. Ukoko utaushika waya ule, utaula, na waya utakufa. Kiboko hachemshi kitu. Unampa maji ya moto kutoka kwenye pipa la nje, ukiwa na kuni umemaliza.

Na umeme wenyewe uko wapi? Mjomba wako anakaa nyuma ya soko, na nguzo za umeme hazijafika kwake. Ukasema zitafika mwakani. Hamisi! Mwaka mzima utafulia nini, kioo? Pale kwa mjomba wako kuna mashine ya kusaga mahindi, ina injini, na injini inazungusha mkanda. Kiboko hajali anazungushwa na nani. Umfungie mkanda jioni wakimaliza kusaga, atafua. Hilo ulilijua kabla yangu. Niliona jinsi ulivyopima upana wa gurudumu lake kwa kamba, mwezi uliopita, kabla mjomba hajaja na maneno yake ya nyumba mbili. Ulikuwa umeshampangia safari, halafu ukanitazama nikikohoa, ukamwacha.

Sasa nikwambie ukweli wa upande wa pili, nisije nikaonekana natupa bibi harusi wa watu jalalani. Bibi Harusi ana kazi yake. Hapigi kwa nguvu, basi asipewe cha kupigwa kwa nguvu. Sari za hariri za akina mama wa Kihindi, nguo za vichanga, mapazia ya lesi, blauzi za masista, vitu ambavyo Kiboko angevirarua, yeye anavitoa vizima. Nimejifunza kumjaza nusu nikiwa nimegeuka nisitazame kioo. Sabuni namtilia kiganja kisichojaa. Beringi zake mpya nimezizoea sauti. Zikianza kulia nazijua siku ile ile. Mimi niko hapa, fundi yuko hapa, umeme upo, maji ni laini. Mashine ile dhaifu inamfaa mtu aliyekaa mahali pake. Wewe unakwenda ugenini, na mtu wa ugenini anahitaji kitu kisichomwaibisha.

Najua utakachosema. Utasema, mama, na mashuka ya hoteli je? Mablanketi je? Ukiondoka na Kiboko mapato yote ya mwezi yameondoka, utabaki unafua blauzi za masista na kikohozi chako. Unadhani sikulifikiria hilo? Nimelifikiria kuliko wewe, maana tumbo ni langu.

Leo asubuhi, ulipokuwa bado umelala, nilivaa kanga yangu nzuri nikaenda kwa meneja wa hoteli. Nikamwambia, bwana, mashuka yako ya mwisho ni haya, kuanzia leo utafute dobi mwingine. Akashangaa. Akaniuliza kama ninaumwa. Nikamwambia siumwi. Kutoka hapo nikaenda hospitali nikasema vile vile. Kutoka hapo nikaenda kwa akina mama wa Kihindi, nyumba kwa nyumba, nikawaambia Mama Hamisi sasa anapokea nguo laini tu, na nyumba tatu zimenipa nguo papo hapo. Kwa hiyo hata ukimwacha Kiboko, hana cha kufua hapa.

Na hutamwacha. Muda huu ninapoandika, Fundi Jagat na wapagazi wanne wako chumba cha nyuma. Wamekata bolti, wamemviringisha juu ya magogo, na kelele wanazopiga ndizo zinazonifanya nikosee herufi hivi. Sasa hivi tu wametoboa ukuta kidogo ili apite, baba yako alimwingiza kabla ya kujenga mlango ule. Tofali nitazirudishia. Ukirudi kutoka Ngaramtoni na shibe yako utamkuta yuko juu ya lori, amefungwa kamba, na kwenye sakafu kuna shimo.

Usije ukaniingilia ndani na machozi. Usije ukawaambia wapagazi wamshushe. Wameshalipwa na watakucheka. Nimekuonea uchungu, mwanangu, na nimekupenda kwa ile hila yako kuliko ninavyoweza kuandika. Lakini uliponichongea kigoda, ulinizeesha. Uliamua peke yako kwamba mama yako hawezi tena kuanza jambo jipya, ila alindwe na alichokizoea. Baba yako alikufa nikiwa na wewe na dada yako na deni la kuni, na nikaanza. Naweza kuanza tena, na safari hii sina hata mtoto wa kumbeba mgongoni.

Nenda ukafue. Nguo za watu wa Dodoma zikirudi kwao safi, mimi nitakuwa nimeshinda ugomvi huu, na ndivyo ninavyotaka.

Mimi mama yako,
Mwajuma, dobi wa nguo laini.